Murdina wa Kamba na barua iliyochelewa kwa Jumapili moja

Saa tatu na dakika arobaini asubuhi, Jumatatu, Murdina MacSween anashuka mteremko wa kwenda gatini kwa mwendo wa mtu ambaye goti lake moja limegoma. Amevaa koti la mpira la njano lililopauka mabegani, na glavu za ngozi ambazo vidole viwili vimeshonwa upya kwa uzi wa wavu. Upepo unampiga ubavuni naye hana habari nao.

Kabla hajafika ukingoni anafanya jambo ambalo watu wa kisiwa cha Hallaray wamelizoea na hawalisemi. Anapeleka mkono kifuani, anapapasa mfuko wa ndani wa koti, anahakikisha kilichomo bado kimo, kisha anautoa mkono.

Feri inazunguka mwamba na kuingia ghubani. Baharia anarusha kamba nyembamba yenye fundo zito nchani. Murdina haikimbilii. Anaiacha imwangukie begani, anaivuta mkono baada ya mkono mpaka kamba nene inatoka majini ikichuruzika, kisha anakivisha kitanzi chake kwenye nguzo ya chuma. Kazi yote ni dakika mbili.

"Zimebaki kumi na moja baada ya hii, Murdina," anasema nahodha Finlay kutoka dirishani.

"Ijumaa ulisema kumi na mbili. Najua kuhesabu kurudi nyuma."

"Nilitaka tu kukusalimia."

"Basi sema habari za asubuhi kama watu wengine."

Murdina ana miaka sitini na mmoja. Kazi ya kupokea na kuachia kamba ameifanya kwa miaka thelathini na moja, tangu mumewe, Ewen, aliyekuwa akiifanya, alipofariki kwa ugonjwa wa moyo na kumwachia nyumba, kondoo tisa na binti wa miaka mitatu. Analipwa pauni kumi na nane kwa kila feri, na feri ni tatu kwa wiki bahari ikikubali. Majira ya baridi yaliyopita haikukubali mara arobaini na moja. Siku zile hakulipwa, lakini alishuka gatini hivyo hivyo kuhakikisha kwamba kweli haiji.

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu wa Oktoba feri itakuja Hallaray kwa mara ya mwisho. Miguu miwili ya gati imepasuka, na wizara imekata shauri kwamba kulitengeneza kwa ajili ya watu kumi na tisa ni kumwaga fedha baharini. Pasipo gati hakuna feri, na pasipo feri hakuna unga, dawa wala posta. Kwa hiyo wote kumi na tisa wamepewa nyumba kwenye kisiwa kikubwa, katika mtaa mmoja mpya ulio nyuma ya duka la matairi.

"Zina joto," anasema Murdina, ambaye alipelekwa kuiona yake mwezi Juni. "Unabonyeza ukutani, joto linakuja. Nilikaa pale nusu saa nikatafuta dirisha la kuangalia bahari. Nikaangalia matairi."

Msomaji ambaye hajawahi kusikia jina la Hallaray huenda amewahi kukiona kisiwa chenyewe bila kujua. Miaka arobaini na minne iliyopita watu wa sinema walikuja kutoka London, wakakaa wiki sita, wakapiga filamu ya kuchekesha ambayo mpaka leo huonyeshwa kwenye televisheni wakati wa Krismasi. Hallaray hakuna anayeitaja kwa jina lake. Ni "filamu" tu, kana kwamba duniani haijawahi kutengenezwa nyingine.

Katika filamu, serikali inataka kujenga gereza la watu mia tano juu ya malisho ya kisiwa. Inamtuma mpimaji, kijana mpole mwenye miwani, aje kupigilia vigingi. Wanawake wa kisiwa wanamkaribisha chai nyumba hadi nyumba, na kila akiinama kwenye kikombe, wanaume huko nje wanang'oa vigingi na kuvihamisha. Mwishoni ramani yake inaonyesha gereza limekaa katikati ya bahari, naye ameshampenda mjane mwenye nyumba aliyolala. Anaichana barua ya serikali vipande vipande na kuvitupa kwenye upepo. Watu wanacheza ngoma ufukweni, filamu inaisha.

Murdina alikuwa na miaka kumi na saba. Ndiye msichana wa sinia, yule anayeingia mara tatu na birika. Alipewa maneno matatu ya kusema: "Kikombe kingine, bwana?" Aliyasema mara ishirini na sita, kwa sababu mvua ya Hallaray haikuonekana kwenye kamera, na watu wa sinema walilazimika kumwaga mvua yao wenyewe kwa mpira wa maji mbele ya mvua ya Mungu.

"Tulicheka mpaka mbavu zikauma," anakumbuka. "Mzee wetu mmoja aliuliza kama na upepo wamekuja nao kwenye masanduku."

Kila majira ya joto wageni hushuka kwenye feri kutafuta nyumba ya mjane na ufukwe wa ngoma. Wakigundua kwamba mama anayepokea kamba ndiye msichana wa sinia, humwomba ayaseme yale maneno matatu. Huyasema. Kwa muda mrefu hakuona ubaya wowote.

Mwezi Novemba mwaka jana serikali ya kweli ilimtuma mtu wake wa kweli.

Tangazo lilikuwa limebandikwa kwenye mlango wa ukumbi wiki tano kabla. Lilisema kwamba afisa, Bwana Alderton, atafika kisiwani Ijumaa, atafanya mkutano wa hadhara Jumamosi, na kwamba yeyote mwenye pingamizi alitoe kwa maandishi, ama mkononi kwa afisa ama ofisini, kabla ya saa kumi na moja jioni ya Jumatatu.

Watu wa Hallaray hawakulala. Waliandika barua ya kurasa nne, wakaitia saini wote kumi na tisa. Ndani yake kulikuwa na mchoro wa namna ya kuishika miguu ya gati kwa mbao na zege, kazi ambayo wangeifanya kwa mikono yao. Palikuwa na jambo kubwa zaidi: majina ya familia mbili za Glasgow, wajukuu wa watu wa hapa, zenye watoto watano kwa jumla. Zilikuwa tayari kurudi kuishi ikiwa gati litabaki. Watoto watano wangetosha kufungua shule, na penye shule serikali hufikiri mara mbili kabla ya kuondoa feri.

Barua hiyo alikabidhiwa Murdina. Sababu ilikuwa wazi kwa kila mtu: nyumba yake ndiyo pekee yenye chumba cha mgeni, na afisa angelala kwake.

Bwana Alderton aliwasili Ijumaa amekuwa kijani usoni. Bahari ilikuwa imempindua tumbo, na usiku huo huo dhoruba ikaangusha mnara wa simu na mtandao. Jumamosi hakuweza kuinua kichwa. Mkutano ukaahirishwa mpaka Jumatatu saa mbili asubuhi, muda wa saa mbili kabla ya feri. Kila mtu aliona ni sawa.

"Wengine huniuliza, mbona hukumpa barua Jumamosi," anasema Murdina. "Mtu anatapika kwenye beseni langu. Nimshike kichwa kwa mkono huu, na kwa mkono huu nimpe karatasi za kumpinga? Nilisema, apone kwanza. Kuna Jumatatu."

Ikaja Jumapili.

Hapa hakuna anayehitaji kuelezwa Jumapili ni nini. Viazi humenywa Jumamosi na maji hutekwa Jumamosi. Nguo haibaki kwenye kamba, gazeti halifunguliwi, hata mlango wa banda la kuku hufungwa kwa upole. Hakuna kuandika, kununua wala kutia saini, na hakuna mazungumzo ya mambo ya dunia mpaka jua la kesho. Anayeongoza zaburi kanisani ni Torcuil MacSween, shemeji yake Murdina, mwenye miaka sabini na minane. Tangu mchungaji wa mwisho aondoke, yeye ndiye mchungaji, mzee wa kanisa na mfagiaji. Mwaka mmoja kondoo wake alikwama kwenye mwamba Jumapili asubuhi, na Torcuil alikaa juu ya mwamba akimwimbia mpaka saa sita ya usiku ilipopita, ndipo akashuka kumtoa.

Mchana wa Jumapili hiyo Bwana Alderton alishuka ngazi akiwa mtu mpya. Alikuwa na njaa ya siku mbili. Murdina alimpa supu, viazi na nyama ya kondoo ya chumvi, vyote vya tangu Jumamosi, na skonzi zenye siagi. Mgeni alikula, akatazama huku na huku, akatabasamu.

Akamwambia kwamba filamu ameiona mara nyingi, tangu utotoni, na mama yake mzazi alikuwa akilia kwenye ile sehemu ya kuchana barua. Akasema amekuja akitarajia vigingi vyake vihamishwe. Kisha akaweka kijiko chini na kuuliza swali.

"Sasa mama, hebu niambie. Watu wa hapa wanasemaje kuhusu huu mpango wetu?"

Kutoka kwenye sahani yake mpaka kwenye droo ya kabati yenye barua ni hatua mbili. Murdina amezipima baadaye, mara nyingi kuliko anavyopenda kukiri.

"Leo ni Jumapili, bwana," alimjibu. "Kula."

Bwana Alderton alicheka. Alidhani ameona kitu kizuri, na pengine alikuwa amekiona kweli. Akasogeza kikombe mbele.

"Na mimi, Mungu anisamehe, nikasema, 'Kikombe kingine, bwana?' Sikusema kwa ajili ya filamu. Kikombe kilikuwa kitupu. Lakini yeye alipiga makofi."

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, ingali giza, feri ilipiga honi ghubani. Dhoruba ya pili ilikuwa njiani, na Finlay, asiye na simu ya kumjulisha yeyote, alikuwa ameamua kuiwahi. Murdina aliruka kitandani, akavaa buti bila soksi, akakimbia. Alisukumwa na mazoea ya miaka thelathini: honi ikilia, kwanza kamba. Mgeni naye alikimbia nyuma yake na sanduku, koti limevaliwa juu ya nguo za kulalia.

Aliipokea kamba, akaifunga, ndipo akakumbuka mikono yake ni mitupu.

"Kuna barua," alimwambia Bwana Alderton. "Iko nyumbani, kwenye droo. Nipe dakika kumi."

Mgeni alimtazama nahodha. Bahari ilikuwa inaipandisha feri na kuishusha, chuma kinagonga gati, na kila ikigonga ile miguu miwili iliyopasuka inalia.

"Murdina, sina dakika kumi," alipaza sauti Finlay. "Sina hata tano. Achia."

"Itume tu kwa posta, mama," alisema Bwana Alderton kwa upole. Alikuwa mpole tangu mwanzo mpaka mwisho.

Angeweza kukataa kuachia. Watu walio mbali husema hivyo kirahisi. Lakini mtu aliyeshika kamba miaka thelathini anajua maana ya feri yenye watu sita kugongeshwa kwenye gati bovu. Murdina alikiinua kitanzi kwenye nguzo kwa mikono yake miwili, akakiacha kianguke majini. Ndiye aliyeifungulia serikali iende zake.

Wakazi waliokuja saa mbili kwenye mkutano walikuta ukumbi una viti tu.

Feri iliyofuata ilikuwa Jumatano. Barua ilifika ofisini Ijumaa, siku nne baada ya muda kwisha, na ilirudishwa na mistari miwili ya shukrani. Mwezi Machi ripoti ilitoka. Murdina anaijua aya ya tisa kama anavyozijua zaburi: "Nilipokewa kwa ukarimu usio na kifani. Mkutano haukufanyika kwa sababu ya hali ya hewa. Mama mwenyeji wangu, nilipomwomba maoni, hakuwa na la kusema juu ya mpango. Nilitajiwa barua wakati wa kuondoka, lakini sikuiona. Hakuna pingamizi lililopokelewa."

"Hakuna uongo hata mmoja humo," anasema. "Nimetafuta. Ningefurahi kuupata mmoja."

Waliandika tena. Mbunge alijibu kwa huruma nyingi na karatasi nzuri. Zile familia mbili za Glasgow zilingoja mpaka Mei, kisha moja ikanunua nyumba huko huko, nyingine ikaenda Kanada. Baada ya hapo hata Torcuil aliacha kuchora mbao na zege.

Jambo ambalo Murdina analiona zito kuliko yote ni kwamba hakuna aliyemlaumu. Aliingoja lawama kama mtu anavyongoja majibu ya kipimo cha hospitali. Jumapili iliyofuata ripoti alikaa benchi la nyuma kanisani, na mmoja mmoja wakampitia na kumshika mkono. Ningekuwa wewe ningefanya vile vile, walisema. Wote walisema maneno hayo hayo.

Bintiye, Iseabail, anayefanya kazi ya uuguzi Glasgow, humpigia simu kila Jumamosi.

"Mama, hukukosea. Wangelifunga tu hilo gati."

"Pengine."

"Si pengine. Wangelifunga."

"Basi ningejua ni wao waliolifunga," hujibu Murdina, na kuuliza habari za wajukuu.

Filamu ilikuwa ikionyeshwa kila Januari ukumbini, watu wakiisema pamoja na waigizaji, neno kwa neno. Januari hii, kabla hata ripoti haijatoka, mtu mmoja aliwasha mashine kwa mazoea. Ilipofika sehemu ya msichana wa sinia, ukumbi ulikuwa kimya. Torcuil alisimama akachomoa waya ukutani, akasema umeme ni ghali siku hizi. Wakanywa chai wakaenda nyumbani.

Leo, Jumatatu hii ya Oktoba, feri imeshusha magunia mawili ya unga, mtungi wa gesi, sanduku la dawa na masanduku matupu ya kuhamia, thelathini kwa idadi. Hakuna abiria aliyeshuka. Murdina aliwatazama mabaharia mmoja mmoja, kana kwamba mmoja wao angeweza kugeuka kuwa mtu mwingine, kisha akaachia kamba.

Kwenye ule mfuko wa ndani wa koti kuna barua. Ni ile ile, kurasa nne na saini kumi na tisa, ndani ya mfuko wa plastiki wa mkate ili isilowe. Imekuwa hapo kila feri tangu iliporudishwa.

"Najua nionekanavyo," anasema. "Lakini maofisa husafiri. Huja kupima, kupiga picha, kuhesabu ndege. Zimebaki feri kumi na moja. Akishuka mtu yeyote mwenye beji ya serikali shingoni, nitamkabidhi kabla sijafunga kamba. Feri itangoja. Finlay atatukana, atangoja."

Hilo ndilo tumaini lake lote. Akiulizwa kama anaamini litatimia, anasema hapana.

Mpango wa siku ya mwisho nao umeshazua ugomvi mdogo. Kampuni ya feri imesema baharia ataruka gatini, atafungua kamba, atarudi melini, na Murdina akae ndani na wenzake. Murdina amekataa. Kwa miaka thelathini na moja hajaondoka mtu Hallaray bila yeye kumwachia, na hataanza kuachiwa sasa. Ataachia mwenyewe, kisha ataruka.

Torcuil, anayembebea gunia la unga mpaka mlangoni huku akihema, ana maoni juu ya kuruka huko.

"Kwa goti hilo, shemeji? Utaangukia majini, tuchelewe wote kwa ajili ya mazishi yako."

"Wewe utanivuta."

"Mimi? Mgongo huu? Tutakuwa wawili majini. Finlay aje na wavu."

"Basi tutabaki. Hilo si ndilo ulilolitaka?"

Jikoni, mboji iliyokaushwa, ndiyo kuni za kisiwa hiki, inawaka taratibu kwenye jiko, na harufu yake imeshika mapazia tangu kabla Murdina hajaolewa. Nusu ya vyombo vya kabatini imeshafungwa kwenye masanduku. Meza bado ipo, na kiti alichokalia Bwana Alderton bado kipo. Torcuil hajawahi kukikalia tangu Novemba, na leo pia anavuta kingine. Murdina anamimina chai. Wanakunywa kama watu waliokunywa chai pamoja maisha yao yote.

"Mimi ningempa," anasema Torcuil ghafla.

Murdina anaweka birika chini.

"Ungempa nini?"

"Barua. Ile Jumapili."

Tangu Machi kila kinywa kisiwani kimemwambia kinyume cha hayo, na kinywa cha Torcuil ndicho kilichotangulia. Murdina anamtazama shemeji yake, mtu aliyemwimbia kondoo kuanzia asubuhi mpaka usiku wa manane kuliko kumvuta Jumapili.

"Uliniambia ungefanya kama mimi."

"Nilikuambia hivyo kwa sababu ulikuwa umekaa benchi la nyuma, unatetemeka. Ningekuambia nini?" Anazungusha kikombe. "Nimelitazama hili jambo kwa kila upande. Watoto watano, Murdina. Ningefungua droo, ningemwekea karibu na sahani. Halafu jioni ningekwenda kanisani kuongoza zaburi, na ningeimba vibaya. Ningeimba vibaya mpaka nife. Lakini ningempa."

Murdina hakasiriki. Uso wake unalegea, kama wa mtu ambaye hatimaye ameletewa yale majibu ya kipimo cha hospitali. Machozi yanamtoka na hayafuti.

"Asante," anasema. "Mtu mmoja alipaswa kuniambia."

"Na wewe?" anauliza Torcuil, kwa sauti ya chini kuliko aliyokuwa nayo. "Tuseme Ijumaa hii anashuka tena. Anaumwa tena, analala kwako tena. Jumapili anaketi kwenye kiti kile, anakuuliza. Sasa unayajua yote. Utampa?"

Murdina anafungua koti, anaitoa barua kwenye mfuko wa mkate, anailaza mezani mbele ya kiti kitupu, pale sahani ilipokuwa. Anaitazama muda mrefu, chai inapoa. Torcuil anangoja. Ni wazi kwamba anataka aseme ndiyo, na Murdina mwenyewe anataka aseme ndiyo.

Kisha anaikunja, anairudisha mfukoni, anafunga kifungo.

"Ningemwongezea chai, shemeji," anasema. "Halafu ningekaa mlangoni usiku kucha kuingoja Jumatatu."